Udongo wa Kusugulia Boneti

Muosha magari wa karibu na hospitali ya Mawenzi hayaamini macho yake. Gari likishaoshwa likang'aa, huvaa mfuko wa mkate mkononi ili vidole vihisi zaidi, akafumba macho na kulipapasa boneti taratibu, kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto. "Bado lina chunusi," hunong'ona, gari lisije likakasirika. Ndipo hulilowesha maji ya sabuni na kulisugua kwa udongo wake laini, unaong'oa vumbi sugu lililonasa kwenye rangi. Ukimponyoka ukaanguka chini huutupa, maana punje moja ya mchanga itachora gari zima.

Amne, mjamzito, alikuwa benchini akisubiri gari lao, akimsikia fundi huyo akitaja udongo, udongo, na mate yakimjaa. Alikuwa amemwapia mumewe, Hussein, kwamba ule wa kula, wa sokoni, ameshauacha. Hussein alipoinuka kuongea na simu, na fundi akainamia tairi, mkono wa Amne ukaufuata wenyewe ule udongo wa gari. Akang'ata. Ulinata kama jojo na kunuka sabuni. Akautema kiganjani, fundi naye ameshageuka.

"Umemeza, mama?"

"Hapana, fundi. Nisamehe."

Hakufoka. Aliuchukua hivyo hivyo na mate yake, akafumba macho, akaanza kuuminya kwa kidole gumba. Hussein naye akawa amerudi.

"Haujaanguka chini," Amne akajitetea.

"Najua," fundi akasema, bado akiminya. "Ila sasa una mchanga wa menoni mwako, mama. Leo umekula ule wa sokoni."

Alipofumbua macho, Hussein alikuwa akimtazama mkewe.