Mama Mkwe Alivyotolewa Nje kwa Kumsemesha Mbwa

Mama mkwe wangu alitolewa nje ya nyumba yangu mvua ikinyesha, tonge bado liko mdomoni.

Waliomtoa ni wanangu. Muireann alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mdogo wake, Macdara, hata kamba za viatu alikuwa hajui kufunga.

Mimi niliendelea kukata nyama taratibu kama siyaoni. Siku hiyo nilikuwa naisubiri tangu sijaota chunusi.

Msinihukumu kwanza.

Mimi ni mtu wa Limerick, Ayalandi, mtoto wa mjini. Kwetu Kiayalandi ni somo la shule: unakariri, unafanya mtihani, unasahau. Ila wazazi wenye ndoto zao huwapeleka watoto Connemara, vijijini huko magharibi, likizo ya kiangazi, kwa watu wanaokizungumza tangu kuzaliwa. Mnalala kwenye nyumba za wenyeji, mama mwenye nyumba anawapikia, na sheria ni moja. Ukisema Kiingereza, unarudishwa kwenu.

Nikapangiwa kwa Bairbre.

Nyumba nyingine walikuwa wanaanza na onyo. Bairbre alikuwa hana msamiati huo.

Asubuhi moja nachana nywele dirishani, ng'ombe akaingiza kichwa chote ndani, akanipumulia usoni. Nikapiga ukelele uliofika baharini.

Kwa Kiingereza.

Bairbre alikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Hakufoka. Aliniambia nikafunge begi langu.

Nikalia, nikamwonyesha ng'ombe kama shahidi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anatafuna pazia.

"Sheria ni sheria, binti," akasema, akaenda kugawa uji.

Baba alikuja kunichukua. Mtaani habari ilifika kabla yangu. Nikabandikwa jina la Ng'ombe, nikakua nalo, nikamaliza nalo shule. Kijana wa kwanza kunipenda alinikimbia kwa sababu wenzake wakimwona wanalia kama ndama.

Nikajiapia. Yule mama atanitambua.

Sasa mapenzi nayo yana dharau. Miaka ikapita, nikakutana Galway na kaka mmoja mpole, Colmán, kwenye harusi ya rafiki. Nikazama mzima mzima. Siku ya kunipeleka kwao gari likakata kona, nikaiona nyumba.

Ile ile. Na dirisha lake.

Aliyetufungulia ni Bairbre. Kumbe kila kiangazi mwanawe alikuwa anapelekwa kwa shangazi, vitanda wapewe wanafunzi.

Hakuonyesha kunikumbuka. Alinipa kiti cha dirishani, nikachagua kingine. Alinipima kuanzia viatu mpaka nywele, akamgeukia dada yake na kusema kwa Kiayalandi kwamba watoto wa huyu watajua Kiayalandi cha vibao vya barabarani tu.

Nilimwelewa neno kwa neno. Nikatabasamu, nikaomba chai.

Mwingine angemwekea chumvi kwenye kikombe. Mimi nilitaka kitu kizito zaidi. Nilitaka nimtoe nje kwa sheria yake mwenyewe, mwanawe akiona.

Tukaoana, tukahamia Galway mjini. Muireann alipozaliwa, nikaingia kazini.

Kumbe Kiayalandi cha shule kinakusaidia kuchambua mashairi, hakikusaidii kubadilisha nepi. Ikabidi nimkamue Colmán. Mama yako alikuwa anakwambiaje ukiweka njegere puani? Alikubembelezaje ukiwa na homa? Alikugombezaje ukimwaga maziwa? Maskini, alidhani ni upendo.

Nikaanza na dún an doras, funga mlango. Ikaja nigh do lámha, nawa mikono. Friji likajaa vikaratasi, bomba likapata chake, chooni ndiyo usiseme. Soksi zilivaliwa kwa Kiayalandi, ndoto mbaya zikafukuzwa kwa Kiayalandi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naongea kama redio mbovu. Nikikwama, nalikumbuka lile begi, nanyooka.

Watoto walipoanza kujibu, nikaweka sheria ya meza. Anayesema Kiingereza tukila anatoka nje, harudi mpaka wakubwa wa meza wamwite. Wakubwa wa meza ni watoto.

Walivyoipenda! Colmán alitolewa kwa kushangilia mpira kwa Kiingereza. Fundi bomba alitolewa na kikombe chake. Mimi mwenyewe nilishapigwa na upepo mara kadhaa.

Kilichobaki ni kumpata Bairbre. Ila mtu asiyesema Kiingereza unamnasaje?

Kwa mbwa wake.

Wazee wengi wa kwao wanasali kwa Kiayalandi, wanagombana kwa Kiayalandi, hata ng'ombe wanamswaga kwa Kiayalandi. Ila mbwa wanamsemesha Kiingereza. Ukiwauliza kwa nini, wanakushangaa wewe.

Nikamwalika Jumapili baada ya misa. Nikamwambia, mama, usimwache Shep peke yake, mje wote.

Nikapika nyama ya nguruwe na kabichi. Kipande kinono nikakiacha ukingoni mwa meza, karibu na pua ya mbwa.

Shep hakuniangusha. Akaweka miguu mezani.

"Shuka, Shep, mbwa mbaya wewe," Bairbre akafoka. Kiingereza safi.

Muireann akaweka uma chini. "Bibi, umesema Kiingereza."

"Nilikuwa naongea na mbwa."

"Mbwa ana masikio, na sisi tunayo. Ungetaka asisikie mtu, ungemkonyeza."

Macdara alishafungua mlango. "Amach leat," akasema. Toka nje.

Bairbre akamtazama mwanawe. Colmán akaitazama kabichi. Bairbre akanigeukia mimi.

Nikashusha kisu. "Sheria ni sheria, mama."

Akachukua koti, akatoka.

Jamani, raha. Nikamchungulia dirishani. Amesimama chini ya mchirizi wa bati, mabega yanamtikisika. Analia. Nikabeba kikombe cha chai nikayaone machozi kwa karibu.

Alikuwa anacheka. Machozi kweli yalikuwepo, ila ya kicheko.

"Umemsikia Muireann anavyonigombeza?" akasema. "Ni marehemu mama yangu mtupu. Wajukuu zangu wa Boston, Marekani, hawajui hata kuniomba maji kwa Kiayalandi."

Nikamwambia asijisahaulishe, mimi ni yule binti wa ng'ombe.

"Nilikujua ulipokataa kukaa karibu na dirisha."

"Na hukusema?"

"Ningekuomba radhi, ungenisamehe, na wanao wangekuwa kama wa Boston. Wakamwana wengine niliwabembeleza mpaka nikachoka, sikupata kitu. Nikaona wewe una kinyongo kizuri. Nikakuchokoza."

Akapokea kikombe changu, akanywa.

Yaani miaka yote ile nalipiza kisasi, kumbe nipo kibaruani kwake. Hasira ikanipanda, nikamtamkia neno moja ambalo mkwe hamtamkii mkwe. Kiayalandi chake sikijui.

Kitasa kikalia nyuma yetu.

"Na wewe, mama," ilikuwa sauti ya Macdara, anachungulia kwenye tundu la barua mlangoni. "Subirini tumalize keki."

Tukasimama wawili chini ya bati, tunapokezana kikombe kimoja.

Nilichojifunza nawaachia: kabla hujamkomoa mtu, chunguza kwanza kama hicho unachomfanyia si ndicho anachokiombea kila usiku.

Mimi sijamsamehe. Wa tatu yuko njiani, na nimeshaanza kumsemesha tumboni.