Magunia Matatu ya Watu Wawili

Mtu asikudanganye kwamba kustaafu ni kupumzika. Kustaafu ni kuamka asubuhi umkute mume wako jikoni, amevaa sweta yake ya kazini, akikuuliza kwa nini sukari inaisha upesi.

Miaka yote ya kazi tuliishi mbalimbali. Mimi nilisimamia jiko la shule ya bweni huko Embu, yeye alikuwa mhasibu wa shule nyingine ya bweni hapa Meru. Tulikutana nyumbani Ruiri mwisho wa mwezi, tukachekeana siku mbili, kisha kila mtu akarudi kwake. Ndoa ilienda vizuri sana. Sasa tumestaafu wote wawili, yeye yuko nyumbani kutwa, mimi pia, na nyumba yenyewe ina vyumba vinne tu.

Bajeti aliipanga yeye, nani mwingine? Alinunua kitabu kikubwa chenye mistari myekundu, na kila matumizi yakawa yanaombwa kwa karatasi. Nikitaka sabuni ya vyombo naandika, yeye anatia sahihi, halafu ndipo anafungua sanduku. Niliuvumilia upuuzi huo kwa sababu ya bahasha moja, ya starehe. Kila mwezi tulitia kidogo, na ikitosha niende wiki nzima kwa dada yangu Siakago, nikalale mchana, nikae kwenye joto, nisipikie mtu. Zamani hata shule zikifungwa mimi nilibaki nikihesabu vijiko.

Siku moja kabla ya safari nikampelekea karatasi yangu. Akaisoma yote kama mtu asiyenijua, kisha akakohoa. Nikajua kuna jambo.

"Mama, waru ilikuwa bei ya kutupa huko Kibirichia," akasema. "Nikachukua gunia tatu."

Gunia tatu za viazi. Sisi ni wawili, na mmoja wetu ana kisukari. Lakini mhasibu aliyezoea kununulia wanafunzi mia sita chakula hawezi kuona bei ya jumla akaipita. Mimi nami si malaika. Mwezi wa kwanza nilipika githeri ya mahindi na maharagwe kwa kipimo cha shule, tukaila siku tano. Lakini mimi sikugusa pesa ya mtu.

"Na ile bahasha?"

"Si tutajaza tena? Sisi ni watu wamestaafu. Haraka ni ya nini?"

Nilimwambia mengi, mengine siwezi kuyaandika. Kisha nikachukua debe, nikaketi kando ya barabara, nikaanza kuuza viazi vyake kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia. Alisimama mlangoni akitazama, na najua ilimuuma. Saa sita nilikuwa na nauli ya kwenda na kurudi.

Asubuhi yake alinibebea mkoba hadi kwenye lami, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata tulipokuwa wachumba. Tukasimama tukingoja gari. Mwishowe akauliza, macho yakiwa barabarani, "Sasa mimi hiyo wiki yote nitakaa na nani?"

"Si umekaa peke yako miaka thelathini?"

"Nilikuwa na kazi."

Hilo lilinikasirisha kuliko viazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa jambo kama hili. Wiki yangu ilikuwa ya Jumanne hadi Jumatatu, na dada yangu alishatandika kitanda.

"Utarudi lini?" akauliza.

"Jumamosi," nikasema.

Siku mbili zikaenda hivyo, na nilizitoa mwenyewe. Gari lilipoondoka nilikuwa bado nimekasirika, naye alikuwa bado amesimama kando ya lami.