Ndani ya Gunia la Pamba

Lori la pamba limepita mbele ya ofisi yetu hapa Bariadi, na harufu yake ya vumbi, jua na mafuta ya mbegu imenirudisha utotoni kijijini Kasoli, ndani ya gunia.

Bibi alikuwa amelitundika uani kwenye nguzo mbili. Alimimina pamba kwa kapu, mimi nikaishindilia kwa miguu, nyuzi zikininasa kwenye kope. Mama alikuwa hospitali Bariadi, na hakuna mtu mzima aliyenieleza kitu.

"Unaona nini?" bibi aliuliza.

"Gunia."

"Kanyaga."

Pamba ikaninyanyua. Kichwa kilipotokeza niliona ua wa minyaa, halafu bati la kanisa, halafu vilima vya mawe upande wa Maswa.

"Na barabara ya Bariadi?"

"Bado."

"Basi kanyaga. Utamwona."

Sikuwa na shaka hata kidogo. Gunia likijaa, mama atakuja. Nikakanyaga mpaka visigino vikawaka moto.

Bodaboda ikasimama njia panda. Mama akashuka polepole, amekumbatia kifurushi cha khanga.

"Bibi, wamekuja wawili."

Bibi akaweka kapu chini, na kwa mara ya kwanza siku ile, akakaa.