Fundi malori wa Shelui aliyepata ukaazi Australia, akarudi kwanza kwa mama

Miguu miwili imechomoza chini ya lori lililoegeshwa kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Sauti inatoka uvunguni, inamtaka dereva akanyage breki, aachie, akanyage tena.

Dereva anatii. Upepo unasikika ukivuja karibu na ekseli ya nyuma. Muda si mrefu anajitokeza mwanamke mwenye ovaroli ya bluu, shavu lina grisi, anacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Huyu ni Loyce Philipo, mwenye umri wa miaka 31, mzaliwa wa hapa Shelui, na kwa hesabu za mwajiri wake yuko likizo. Kazi yake ya kila siku ni kutengeneza matrekta katika mji mdogo wa wakulima wa ngano nchini Australia, nchi iliyompa ukaazi wa kudumu mwaka huu.

“Mama alitaka nipumzike. Nikapumzika siku ya kwanza. Siku ya pili nikasikia lori linapita linalia vibaya, nikaanza kutafuta ovaroli,” anasema.

Gereji anayofanyia kazi leo ni ya Fundi Alute, mzee mwembamba anayewafahamu madereva wengi wa njia hii kwa majina. Loyce alianza kwake kwa kuosha vyuma kwa dizeli, baada ya kumaliza mafunzo ya ufundi magari mjini Singida. Alikuwa msichana pekee. Madereva wengine walikataa aguse magari yao, na Alute akawajibu kwamba gereji nyingine ipo Nzega.

Baadaye Loyce alipata kazi mgodini. Huko, mhandisi mmoja alimweleza kwamba Australia ina uhaba wa mafundi wa mitambo ya dizeli, na kwamba mwanafunzi wa kigeni akimaliza fani inayohitajika anaweza kuruhusiwa kubaki na kufanya kazi. Akaweka akiba ya mshahara wake wa miaka mitatu. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, akauza ng’ombe kuongezea ada.

Alikwenda kwa viza ya mwanafunzi. Mchana alikuwa darasani, jioni akisafisha ofisi za watu. Huko nje alikutana na vijana wengi wenye ndoto kama yake, na mawakala wengi waliojua kuzigeuza ndoto hizo kuwa biashara. Mmoja alimshauri aache mitambo asome upishi, akidai njia yake ni fupi zaidi.

“Nilimwambia chakula changu hata mama hakisifii. Nikabaki na spana,” anasema Loyce.

Alipohitimu alipewa viza ya muda ya kufanya kazi. Ili aombe ukaazi, alitakiwa kukusanya alama: umri, Kiingereza, elimu, uzoefu, na kufanya kazi maeneo ya mbali na miji mikubwa. Hilo la mwisho halikumtisha mtu wa Shelui. Kilichomtisha ni kupimwa ujuzi. Wapimaji walitaka kuthibitisha miaka aliyofanya kazi Tanzania, na miaka mingi kati ya hiyo ilikuwa gereji kwa Alute, ambako hapakuwahi kuwa na mkataba wala karatasi ya mshahara.

Mpimaji akaamua kuzungumza na fundi mwenyewe kwa simu ya video, mkalimani akiwapo. Loyce aliruhusiwa kusikiliza, kwa sharti asiseme neno.

Siku hiyo mtandao ulisumbua, hivyo Alute akapanda juu ya tela la lori na kuketi juu ya magunia ya alizeti. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Chini, madereva na mama lishe walikusanyika kusikiliza.

Alute alieleza vizuri kazi alizomfundisha binti huyo. Kisha mpimaji akauliza kama amewahi kukosea.

“Niliogopa,” anakumbuka Loyce. “Namjua mzee wangu. Hasemi uongo hata wa kukusaidia.”

Alute akajibu: “Ndiyo. Aliwahi kufunga gurudumu bila kukaza nati sawasawa. Bahati dereva aligundua kabla hajafika mlima Sekenke. Nikamwambia afungue magurudumu yote, ayafunge upya mbele ya dereva. Alilia, lakini aliyafunga. Tangu siku hiyo, kazi yangu mimi nikiimaliza, namwita yeye aikague.”

Mkalimani alipomaliza, mpimaji aliandika kitu. Akamshukuru mzee, akakata simu. Loyce hakula siku hiyo. Alijihesabu amekwisha, akaanza hata kutafuta bei za tiketi ya kurudi.

Majibu yalipotoka, alikuwa amefaulu. Miezi kadhaa baadaye ukaazi ukafuata, na akampigia mama yake, Elina, akipiga vigelegele katikati ya matrekta. Upande wa pili wa simu alisikia kilio.

Mama Elina alikuwa ameshika neno moja tu, kudumu. Jioni ile majirani waliingia uani kwake na khanga mabegani kumfariji, na mmoja alikuja na unga wa msiba.

“Nilijua wamemchukua moja kwa moja,” anasema mama huyo, akijifunika uso kwa aibu na kicheko. “Mtu akikwambia mwanao anakaa kwa watu milele, wewe utaelewaje?”

Loyce alieleza kwa simu mpaka akachoka: kwamba bado ni Mtanzania, kwamba sasa anaweza kutoka na kuingia bila kuhofia viza kuisha. Mama aliitikia tu. Ndipo Loyce akaomba likizo, akapanda ndege.

Alipoingia uani na kumwamkia shikamoo, mama alimsogelea. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja. Kisha akajibu marahaba, akaenda kukamata kuku.

Kesho yake Loyce alikwenda gereji kumshukuru Alute. Mzee alimsikiliza, akampa spana, akamwonyesha lori lililokuwa linasubiri.

Sasa Loyce ana mpango. Anataka kufanya kazi miaka michache, anunue vifaa vya kupima injini za kisasa, afungue gereji Mandewa, mjini Singida, itakayofundisha wasichana. Amemwomba Alute awe mkuu wa mafunzo, naye amekubali iwapo magoti yatamruhusu.

Lakini lililo karibu zaidi ni safari ya mama kwenda Australia. Wiki hii wamekwenda Singida mjini kuomba pasipoti yake, ya kwanza maishani.

“Nitakwenda nikaone anapolala na anachokula,” anasema Mama Elina. “Ila nimemwambia mapema, palizi ya alizeti ikifika, mimi niwe nimerudi shambani.”