Shikamoo Kwenye Banda la Video

Mtafsiri wa filamu kwenye banda la video la Sombetini hufunga kipaza sauti kwa leso, hukohoa mara mbili, kisha humpa kila shujaa sauti yake: wa chuma huongea kwa sauti nzito kama mzee wa Kimeru, anayeruka kama kijana wa stendi. Jumamosi moja mashujaa waligombana badala ya kuungana. Watazamaji nao wakagawanyika, kila benchi na shujaa wake, wakaanza kusukumana.

“Huyo kijana hana adabu!” alifoka Mwamvua, muuza vitumbua, akimnyooshea kidole shujaa anayeruka.

Mtafsiri alijua ugomvi wa filamu ile hauishi upesi. Akakohoa, akamtilia anayeruka maneno yasiyomo kwenye filamu, kwa sauti ya kijana wa stendi.

“Shikamoo, mzee wangu. Nimekosa.”

“Marahaba!” banda zima likaitikia, na Mwamvua akamsogezea nafasi jirani aliyemsukuma. Kwenye runinga, ngumi zilikuwa bado zinarushwa.