Hodi ya Mguu Ndani

Meneja alishaita lori. Kompyuta mpya ni mbovu, alisema, irudishwe Dar, na mimi nirudi kwenye taipureta. Hiyo ni miaka ya themanini, ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga, na mimi ndiye niliyepelekwa kozi ya kompyuta. Nirudi kupiga barua za watu? Thubutu!

Ubovu wenyewe ulikuwa huu: programu yangu ya kuhesabu marobota ya pamba ikianza tu, mashine inaizima. Kwenye kidude chetu cha zamani, kompyuta ndogo ya kwanza, ilikwenda vizuri, maana kile hakikuwa na mwenyewe. Programu iliandika popote ilipopenda kwenye kumbukumbu ya mashine, hata juu ya kazi ya programu mwenzake, na hesabu ya mbegu ikivurugika tunalaumu umeme. Hii mpya ilikuwa na mfumo wa ulinzi, tukauita mwenye nyumba. Kila programu ina chumba chake. Ikitaka nafasi zaidi, au kuchapisha, inamwomba mwenye nyumba, naye anaigawia. Ikigusa kisicho chake, inatolewa nje.

Lakini mimi nilikuwa nimeomba! Maombi yote niliyaandika kama tulivyofundishwa, na bado natolewa. Nilikasirika mpaka nikaiita ile mashine mchawi.

Ndipo bwana stoo, mtu wa Tinde, akasema "Hodi!" na papo hapo alikuwa keshaketi juu ya karatasi zangu. Ndivyo tulivyo pale ofisini, hodi tunapiga huku mguu uko ndani.

"Yaya! Hapana bwana!" nikamfokea, Kisukuma na Kiswahili pamoja. "Si usubiri uambiwe karibu, uonyeshwe pa kukaa?"

Hapo hapo nikageukia skrini. Programu yangu ilifanya hivyo hivyo! Iliomba nafasi, kisha bila kusikiliza jibu ikaenda kuandika palepale ilipozoea kwenye kidude cha zamani. Nafasi iliyopewa ilikuwa kwingine kabisa.

"Kaka yangu, umeniokoa."

"Kwani nimefanya nini?"

"Umekosa adabu. Asante sana!"

Nikasahihisha: omba, ngoja jibu, andika ulipoonyeshwa. Lori likafika, meneja akaingia na wapakizi.

"Shikamoo mzee. Naomba utazame kwanza."

"Marahaba. Haya, fanya upesi."

Nikaiwasha. Printa ikaanza kuchapa hesabu ya marobota, mstari baada ya mstari.

"Bahati tu hiyo," akasema.

Bahati! Nikaenda kwenye skrini ya pili ya mashine ileile, na makusudi kabisa nikaiwasha programu yangu kama ilivyokuwa kabla ya kusahihishwa, ile korofi. Mwenye nyumba akaitupa nje palepale. Printa haikusita hata kidogo.

Meneja akaishika karatasi ikiwa bado inatoka, akaisoma mpaka chini. Kisha akawageukia wapakizi. "Nendeni mkapakie pamba."

Nikapiga kigelegele humo humo ofisini, mama mzima, na sikuona aibu.