Pua ya Mzee Bado

Mimi nauza spea za magari, na kwenye kaunta yangu sisemi uongo. Kitu kikiwa feki nasema ni feki, hata kama nimekinunua kwa jasho langu mwenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mdomo huu utanifukuzia wateja. Haya, wateja wapo. Aliyeondoka ni yeye. Nawaeleza hivi ili mjue ni mtu wa namna gani aliyedanganya siku ile.

Mzee Bado ni jina tulilompa sisi wauza spea. Maisha yake yote alikuwa fundi saa, hadi simu zilipokuja na kila mtu akawa anatazama saa mfukoni. Ukimwambia kitu kimechakaa, anakiinua kwenye mwanga, anafumba jicho moja, kisha anasema, "Bado. Bado kinafaa." Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita, na binti yao mmoja ameolewa mbali. Amebaki yeye, nyumba ya vyumba viwili, na gari dogo jeupe ambalo ole wako ulitanie.

Gari hilo liliunguza gasketi ya injini. Akaja kununua mpya, nikamuuliza fundi wake ni nani.

"Mimi mwenyewe. Injini ni saa kubwa tu. Aliyeweza ndogo atashindwa na kubwa?"

"Kwa hiyo anayejua kukata kucha afanye na upasuaji?"

Alicheka, akalipa, akaenda zake. Nilijua gari litaishia kuvutwa kwa kamba. Lakini wiki iliyofuata akapita mbele ya duka akiliendesha, taratibu, amenyoosha shingo, akapiga honi mara mbili ili nimwone. Nikamwona. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nikakubali kimoyomoyo tu, maana kumsifu mwanamume mbele ya watu ni kujitafutia maneno.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, alikuja kununua balbu ya taa. Nilimsikia harufu kabla sijamwona.

"Mzee wangu, umeoga petroli?"

"Petroli gani?"

"Hiyo hiyo inayonipasua kichwa! Mtu akiwasha kiberiti hapa tunaondoka wote, na bado sijala."

Akainua mkono wa shati, akaunusa haraka haraka. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Ndipo nikaelewa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kunusa nguo ile asikunje pua. Nikachukua kopo la grisi, nikalifungua, nikamshikia chini ya pua huku nimeziba maandishi kwa kiganja.

"Hii ni nini?"

Alitazama chini. "Sisikii harufu," akasema. "Tangu yale mafua makubwa ya mwaka jana. Kitunguu, moshi, maziwa yakiungua, sisikii chochote."

"Na ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani, Mama Spea?"

Wiki tatu mzee wa watu alikuwa akiendesha gari linalovuja petroli juu ya injini ya moto, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kukaa kiti cha pembeni akamwambia, we bwana, kuna harufu.

Kisha akanieleza kilichokuwa kikimkosesha usingizi. Binti yake alikuwa anakuja Jumamosi na mtoto mchanga. Alikuwa ameshasema kwenye simu: baba, nikikuta mambo hayaendi, gari tunauza, nyumba tunapangisha, unakuja kukaa kwetu. Na mzee alipanga kuwapokea stendi kwa gari hilo hilo.

"Mkwe wangu ni mtu mwema," akasema. "Lakini kwao nitakuwa mgeni hadi nife. Vitu vya mke wangu viko kwangu. Nisaidie, na usimwambie mtu."

Nilifunga duka mchana kweupe. Majirani wakachungulia, acha wachungulie. Tulikwenda kwake kwa miguu, na gari likaachwa mbele ya duka hadi lipoe. Nilimnyang'anya funguo kabisa. Kupoa kwenyewe kulichukua muda wa mimi kupika chai kwake, na jikoni nilikuta kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja kwenye karai. Vingine vilikuwa kabatini, vimepangwa, vina vumbi. Alininywesha chai kwa kikombe chake, yeye akasema hana kiu.

Tulirudi dukani, tukachomoa waya wa betri, tukafungua boneti. Jamani, kazi ilikuwa safi! Kila nati mahali pake, hakuna alama ya spana kuteleza. Mimi si fundi, lakini miaka ishirini ya kuwasikiliza mafundi wakilaumu spea zangu imenifunza mengi. Nikafuata harufu kama paka anayefuata samaki hadi kwenye nozeli, vile vibomba vidogo vinavyopuliza petroli ndani ya injini. Shinani pa kimoja palikuwa pamelowa.

"Hizi ringi za mpira umeziweka mpya?"

"Nilirudisha zile zile. Kila nilichokitoa nilikirudisha palepale kilipotoka." Akavuta pumzi. "Nilitumia vifuniko vya chupa, nikavipa namba. Sikubakiza hata skrubu."

Kumbe! Kosa la fundi saa hilo. Kwenye saa, ukibakiza kitu mezani umeharibu kazi. Lakini mpira wa nozeli uliokaa miaka kumi kwenye joto ni mgumu kama ukucha. Ukiutoa, umekufa, hauzibi tena. Nikamchomolea mmoja, nikaukunja mbele yake. Ukakatika.

Nilingoja aseme "bado". Hakusema. Alizitoa tatu zilizobaki mwenyewe, akanipa mkononi moja moja.

Tukaweka mpya, kila moja imepakwa tone la oili ili iingie bila kuchanika. Tukarudisha betri. Akafungua swichi bila kuwasha, pampu ikaguruma kidogo, nami nikapitisha kitambaa cheupe shinani pa kila nozeli. Kikatoka kikavu. Tukawasha, tukangoja, nikapitisha tena. Kikavu. Nikanusa hadi kichwa kikauma, nikamwambia liko salama, akafute injini na akafue shati.

Nikafikiri tumemaliza. Nilipomrudisha nyumbani akasema, "Ngoja kidogo," akaingia chumbani, akatoka na gauni la bluu limelala mikononi mwake.

"Hili sijalifua tangu alipolivua. Kila asubuhi nalitoa, naliweka usoni. Sipati kitu." Hakunitazama. "Wewe huwa husemi uongo. Harufu yake bado ipo?"

Nikalichukua. Nikalinusa begani, kwapani, kwenye kola. Petroli tupu. Wiki tatu alikuwa akilishika kwa mikono ile ile iliyokuwa ikihangaika na injini.

Mungu anisamehe. "Ipo," nikasema.

"Ikoje?"

Sikuwahi kumwona mkewe maishani mwangu. "Kama poda. Ile poda laini ya akina mama."

Alitikisa kichwa polepole, kwa kukubali. "Ndiyo," akasema. "Poda." Akalikunja gauni, akaniambia asante, na nikatoka pale mbio kama mwizi.

Jumamosi alikwenda stendi, akarudi. Jumapili walipita dukani, yeye akabaki nje akifuta kioo kisicho na doa, binti akaingia na mtoto mgongoni kunishukuru.

"Baba kaniambia ulimuazima spana," akasema. Spana! "Nilidhani nitamkuta hoi, shangazi. Lakini nyumba safi, gari zuri. Nimemwacha, akae kwake."

Nikamwangalia mtoto nikatafuta la kusema. Kwenye rafu palikuwa na kopo langu la poda ya joto, nikamwambia achukue, ampake mtoto.

"Ah, asante, sisi kwetu poda hapana. Mama ilikuwa inambana kifua, haikuwahi kuingia nyumbani. Baba alikuwa mkali sana kwa hilo."

Walipoondoka nilikaa chini. Mteja aliingia, akaita mara mbili, akaondoka.

Jumatatu mzee alikuja peke yake. Sikumngoja asalimie.

"Ulijua."

"Miaka thelathini na minne, Mama Spea. Nisijue?"

"Basi mbona hukunitukana? Nimekuuzia feki, mchana, usoni kwako!"

Aliegemea kaunta. Mikono yake ilikuwa safi, kucha zimesuguliwa. "Tangu tulipomzika," akasema, "hakuna mtu aliyekaa nyumbani kwangu akanieleza habari zake. Hata za uongo. Ungekuwa wewe, ungemkatiza?"

Nikajua kuwa macho yangu yananisaliti, nikajifanya natafuta kitu chini ya kaunta. Nilipoinuka nilimwambia ukweli, kwa sababu sasa alistahili. "Gauni linanuka petroli, mzee wangu. Harufu yake haipo tena."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akauliza kama alifue.

"Lifue."

"Na likikauka litanuka nini?"

"Sabuni. Sabuni tu."

"Utakuja kunihakikishia?"

Nikamwambia nitakuja, ila safari hii atoe vikombe viwili.